Kilichomo Ndani ya Pakiti ya ORS: Somo la Ioni na Fomula za Kemia



Ndugu wasomaji, wakati wa likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tulialikwa kusali na jumuiya ndogo ndogo moja iliyo jirani na Hospitali ya Mkomaindo, mjini Masasi. Baada ya sala na tafakari, bibi mmoja alitoa pakiti ya ORS kwenye kanga yake. Mjukuu wake alikuwa ameharisha tangu jana yake, na alikuwa amepewa pakiti hizo akamnyweshe. Akatuuliza: "Mafrateri, ninyi ndio mmesoma. Hii dawa ina nini ndani?"

Tulijibu upesi, kwa uhakika wote: "Bibi, ni chumvi na sukari tu."

Bibi akafurahi. "Kumbe! Basi nitaitia pakiti nzima kwenye kikombe, ikolee, mtoto apone haraka."

Hapo tulinyamaza, maana hatukujua la kusema. Aliyetuokoa ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango. Alisema: "Hapana, bibi. Pakiti hiyo ni ya lita moja, si ya kikombe. Ukiikoleza utamdhuru mtoto." Kisha akatugeukia kwa upole: "Na ninyi mafrateri wetu, neno lile 'tu' mliondoe."

Tulirudi tukiwa na aibu. Tunasoma falsafa, tunajadili maumbile ya vitu kutwa nzima, lakini kemia ya sekondari tulikuwa tumeiacha kwenye madaftari ya zamani. Tukaamua kuisoma upya, na makala hii ndiyo matunda yake. Tunawaandikia wadogo zetu wa seminari ndogo wanaojiandaa na mitihani, na pia waumini wote wenye watoto nyumbani.

1. Atomu na ioni

Kila kitu tunachokishika kimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Katikati ya atomu kuna kiini. Ndani ya kiini zimo protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Nje ya kiini zimo elektroni, zenye chaji hasi. Katika atomu kamili idadi ya protoni ni sawa na idadi ya elektroni, kwa hiyo chanya na hasi hufutana na jumla huwa sifuri.

Elektroni zimepangika kwa matabaka. Tabaka la kwanza hujaa kwa elektroni 2 na la pili kwa 8. Kwa elementi 20 za kwanza, ambazo ndizo tunazozihitaji zaidi hapa, tabaka la tatu nalo tunalihesabu kuwa limetulia likifikisha 8. Atomu yenye tabaka la nje lisilojaa haijatulia. Hutafuta utulivu kwa kutoa elektroni, kwa kupokea, au kwa kushirikiana na jirani.

Tuchukue sodiamu. Ina protoni 11 na elektroni 11, zilizopangika 2, 8, 1. Ile moja ya nje ni rahisi kuitoa kuliko kutafuta nyingine saba. Ikishatoka zinabaki elektroni 10, lakini protoni ni zilezile 11. Hesabu ni 11 kutoa 10, yaani chanya moja. Tunaandika Na⁺.

Klorini ina protoni 17, na elektroni zake zimepangika 2, 8, 7. Imepungukiwa moja tu kulijaza tabaka la nje. Ikipokea moja inakuwa na elektroni 18 dhidi ya protoni 17, yaani hasi moja. Tunaandika Cl⁻.

Basi, ioni ni atomu, au kikundi cha atomu, chenye chaji kwa sababu kimepoteza au kimepokea elektroni. Wanafunzi wengi hudhani kwamba ioni chanya imeongezewa protoni. Sivyo. Protoni za sodiamu ni 11 kabla na baada. Zikibadilika, hiyo si sodiamu tena. Kinachotoka au kuingia ni elektroni peke yake.

Pengine utajiuliza kwa nini sodiamu iandikwe Na. Hapa sisi tunaosoma Kilatini tuna nafuu kidogo. Na ni natrium, K ni kalium (potasiamu), Fe ni ferrum (chuma), Cu ni cuprum (shaba).

2. Ioni za kukariri na majina yake

Kuna ioni chache ambazo mwanafunzi akizishika kichwani, sehemu kubwa ya somo imekwisha.

Chanya moja: sodiamu Na⁺, potasiamu K⁺, haidrojeni H⁺, amoniamu NH₄⁺.
Chanya mbili: magnesiamu Mg²⁺, kalsiamu Ca²⁺, zinki Zn²⁺, shaba Cu²⁺, chuma Fe²⁺.
Chanya tatu: alumini Al³⁺, chuma Fe³⁺.
Hasi moja: kloraidi Cl⁻, haidroksaidi OH⁻, naitreti NO₃⁻, baikaboneti HCO₃⁻.
Hasi mbili: oksaidi O²⁻, salfaidi S²⁻, kaboneti CO₃²⁻, salfeti SO₄²⁻.
Hasi tatu: fosfeti PO₄³⁻, sitreti C₆H₅O₇³⁻.

Mtaona chuma kimetajwa mara mbili, kwa kuwa kinaweza kutoa elektroni 2 au 3. Mtaona pia kwamba baadhi ya ioni ni kikundi kizima: salfeti ni atomu moja ya salfa na nne za oksijeni, lakini kikundi hicho husafiri pamoja na kina chaji moja ya pamoja, hasi mbili.

Miisho ya majina si ya kupuuza. Salfa, salfaidi na salfeti ni vitu vitatu tofauti. Mkulima wa korosho wa Masasi au Newala anapopuliza salfa ya unga kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, anapuliza salfa yenyewe, S, isiyo na chaji. Salfaidi ni S²⁻, yaani salfa iliyopokea elektroni 2. Salfeti ni SO₄²⁻, nayo ndiyo iliyomo kwenye mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo fomula yake ni CuSO₄ pamoja na maji. Herufi chache za mwisho wa neno zinatenganisha dawa ya mkorosho na kitu kingine kabisa.

3. Kuandika fomula: kanuni ni moja

Kampaundi ya ioni haina chaji kwa jumla. Kwa hiyo unapoandika fomula, kazi yako ni kutafuta idadi ndogo kabisa ya ioni za kila upande itakayofanya chanya na hasi zilingane. Ni kama mizani ya dukani: weka jiwe huku na kilo kule mpaka ulimi utulie katikati. Tuzoee kwa vitu vya nyumbani na vya shambani.

Chumvi ya mezani. Na⁺ na Cl⁻, moja kwa moja. Fomula ni NaCl.

Magnesiamu oksaidi. Mg²⁺ na O²⁻ zinalingana tayari, mbili kwa mbili. Fomula ni MgO. Usiandike Mg₂O₂, maana tumesema idadi ndogo kabisa.

Chokaa. Jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti: Ca²⁺ na CO₃²⁻, yaani CaCO₃. Likichomwa tanurini hutoa hewa ya ukaa na kuacha CaO. Mafundi wakiitia maji hupatikana kalsiamu haidroksaidi. Hapa Ca²⁺ moja inahitaji OH⁻ mbili, kwa hiyo tunaandika Ca(OH)₂. Mabano yana kazi: yanaonyesha kwamba kikundi chote cha OH ni viwili. Ukiandika CaOH₂ bila mabano, umesema haidrojeni ni mbili na oksijeni ni moja, na mizani imevunjika.

Chuma. Udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde, unaobaki kwenye viatu vya kila aliyefika Newala wakati wa mvua, unapata rangi yake kutokana na oksaidi za chuma. Katika Fe₂O₃ tuna Fe³⁺ mbili, jumla chanya sita, na O²⁻ tatu, jumla hasi sita. Lakini vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa mama wajawazito kliniki mara nyingi vina FeSO₄: hapo chuma ni Fe²⁺, na salfeti moja inatosha kulinganisha. Ni chuma kilekile kwa jina, ila chaji ni tofauti, na mwili hukifyonza cha Fe²⁺ kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana hatuwaambii mama wajawazito wale udongo ili wapate damu.

Mbolea ya SA. Hii ni amoniamu salfeti. Salfeti moja ina hasi mbili na amoniamu ina chanya moja, basi tunahitaji amoniamu mbili: (NH₄)₂SO₄.

Shabu. Wazee wetu hulisafisha tope la maji kwa shabu. Fomula yake ni KAl(SO₄)₂·12H₂O. Inatisha ukiitazama, lakini pima: potasiamu chanya moja na alumini chanya tatu, jumla chanya nne; salfeti mbili, jumla hasi nne. Nukta na 12H₂O ni molekuli za maji zilizojifungia ndani ya fuwele, nazo hazina chaji. Kumbukeni kwamba shabu huondoa tope, haitoshi kuua vijidudu. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

4. Sasa tufungue pakiti

Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikubaliana mwaka 2002 juu ya ORS inayotumika mpaka leo. Pakiti ya lita moja ina uzito wa gramu 20.5, ambazo ni:

Sodiamu kloraidi, NaCl: gramu 2.6
Potasiamu kloraidi, KCl: gramu 1.5
Trisodiamu sitreti, Na₃C₆H₅O₇·2H₂O: gramu 2.9
Glukosi, C₆H₁₂O₆: gramu 13.5

Angalieni sitreti. Ina hasi tatu, ndiyo sababu imebeba Na⁺ tatu. Kanuni ni ileile tuliyoitumia kwenye chokaa.

Ukiimimina pakiti ndani ya maji, fuwele zinayeyuka na ioni zinaachana. NaCl haiogelei kama NaCl. Kuna Na⁺ upande wake na Cl⁻ upande wake, kila moja imezungukwa na molekuli za maji. Wakemia huhesabu chembe hizi kwa moli, kama sisi tunavyohesabu mayai kwa trei: badala ya kuhesabu moja moja, unahesabu mafungu ya idadi inayojulikana. Fungu dogo linalotufaa hapa ni milimoli. Katika lita moja ya ORS iliyochanganywa sawasawa zimo:

Na⁺ milimoli 75
K⁺ milimoli 20
Cl⁻ milimoli 65
Sitreti milimoli 10
Glukosi milimoli 75

Jumlisheni chanya: 75 na 20 ni 95. Jumlisheni hasi: kloraidi 65, na sitreti 10 zenye hasi tatu kila moja ni 30, jumla 95. Mizani imetulia. Tulipofika hapa kwenye hesabu zetu tuliweka kalamu chini na kutazamana. Kanuni ya ubaoni ilikuwa imo ndani ya pakiti ya bibi.

Kila kimoja kina kazi. Mtoto anayeharisha hapotezi maji matupu. Anapoteza maji pamoja na sodiamu, potasiamu, kloraidi na baikaboneti. Potasiamu ikipungua, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika. Sitreti ikishaingia mwilini huzaa baikaboneti, ambayo hupunguza asidi iliyozidi kwenye damu.

Na glukosi? Haina chaji wala si ya kuongeza utamu. Ukuta wa utumbo mwembamba una mlango ambao sodiamu na glukosi hupita pamoja, na maji huzifuata. Mwaka 1960 mwanabiokemia Robert Crane alieleza jinsi mlango huo unavyofanya kazi. Jambo la heri ni kwamba kuhara kunapoharibu njia nyingine, mlango huu kwa kawaida hubaki wazi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi za wakimbizi huko India na maji ya dripu yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis, akiwa Bongaon, aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi. Vifo, vilivyokuwa vinafikia takriban 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4.

Sasa turudi kwenye kikombe cha bibi. Kikombe cha mililita 250 ni robo ya lita. Pakiti nzima ndani yake inafanya kila kitu kuwa mara nne, na sodiamu inafika milimoli 300 kwa lita. Damu ya mtu mwenye afya ina kama 135 hadi 145. Hata dripu ya chumvi ya hospitalini, yenye gramu 9 za NaCl kwa lita, ina 154. Maji hufuata upande wenye chembe nyingi. Kwa hiyo kinywaji kile kikali, badala ya kumpa mtoto maji, kingeyavuta maji kutoka mwilini mwake kwenda utumboni, kuhara kungezidi, na sodiamu ikipanda mno kwenye damu ubongo hudhurika na degedege hufuata. Kumwagia maji mengi kupita kiasi nako ni kosa, kwa sababu ioni zinakuwa chache na haziwezi kurudisha kilichopotea.

5. Swali la wanafalsafa

Aristoteli aliuliza: vitu viwili vikiungana kweli kuwa kitu kimoja, vile vya kwanza vinaenda wapi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika kitabu kidogo juu ya kuchanganyika kwa elementi na akajibu kwamba elementi hazibaki katika mchanganyiko kama zilivyokuwa mwanzo, bali nguvu zake hubaki. Yeye alizifahamu elementi nne za kale, ardhi, maji, hewa na moto, na hatudai kwamba alijua habari za ioni. Lakini swali lake bado ni zuri.

Sodiamu peke yake ni metali laini inayowaka kwa ghadhabu ikiguswa na maji. Klorini peke yake ni gesi ya sumu, iliyotumika kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Mama anaponyunyiza chumvi kwenye kisamvu, hatii metali inayowaka wala gesi ya sumu. Elektroni moja imehama, na tabia ya kitu imegeuka kabisa. Kuchanganya mchanga na chumvi ni kuweka pamoja. Kuungana kwa Na na Cl ni kupata kitu kipya.

Tukaona kosa letu lilikuwa la kemia na la falsafa pia. Tuliposema "chumvi na sukari tu" tulitaja viungo tukaacha uwiano, na uwiano ndio unaofanya vile viungo viwe dawa. Viungo vilevile, kwa kipimo kingine, vinaua. Anayehubiri juu ya wafuasi wa Bwana kuwa chumvi ya dunia anaweza kulifikiria hilo pia.

6. Mazoezi

(a) Andika fomula ya kalsiamu kloraidi.
(b) Vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wanaoharisha, pamoja na ORS, mara nyingi ni zinki salfeti. Andika fomula yake.
(c) Andika fomula ya alumini salfeti.
(d) Magadi yana sodiamu kaboneti ndani yake. Andika fomula.
(e) Mwanafunzi ameandika kalsiamu fosfeti kuwa CaPO₄. Msahihishe.

Majibu: (a) CaCl₂. (b) ZnSO₄. (c) Al₂(SO₄)₃, chanya sita, hasi sita. (d) Na₂CO₃. (e) Ca₃(PO₄)₂, kalsiamu tatu ni chanya sita, fosfeti mbili ni hasi sita.

7. Ya kufanya nyumbani

Soma pakiti kwanza, kwa kuwa zipo za lita moja na zipo ndogo zaidi. Tumia chombo unachokijua kipimo chake. Chupa ya maji ya lita moja inafaa. Tumia maji safi ya kunywa. Usiongeze chumvi, sukari, soda wala maziwa. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo. Akitapika, subiri kama dakika kumi uendelee taratibu. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ikiwa pakiti hakuna kabisa, lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vitasaidia wakati mnatafuta ORS. Mtoto akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya au hospitali saa hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulipita kumsalimu bibi. Mjukuu alikuwa uani anamfukuza kuku. Bibi alituonyesha chupa ya lita moja aliyoiosha na kuitundika ukutani kwa kamba, isitumike kwa kazi nyingine. Tukamwomba radhi kwa jibu letu la kwanza. Akacheka, akasema: "Mafrateri, si mmekwenda kusoma tena? Basi sasa nielezeni."

Tukakaa mkekani, tukaanza na chumvi.